Mashine ya Nyama na Bunduki ya Muzee Bulonza

Bunduki ya Muzee Bulonza iliondoka mtaa wa Cimpunda ikiwa begani mwake, ikarudi ndani ya mfuko wa unga. Mitutu miwili ilichungulia juu ya mfuko kama miguu ya kuku aliyechinjwa. Vingine vyote, nyundo, skurubu, mabamba na resori, vilikuwa chini, vikilia kwa kila hatua. Mzee aliuweka mfuko mlangoni kwa binti yake, akakaa juu ya jiwe la kufulia, akavua kofia.

“Muzungu alisema nini, Papa?” Adolphine aliuliza bila kusimamisha mashine yake ya kushona.

“Alisema ni takataka. Alisema niipeleke hivi hivi ku biro ya serikali, batanisaidia kuitupa mu ziwa.”

Mashine ikanyamaza.

Mwaka ule wa 1959 wazungu wa Bukavu walikuwa wameanza kufunga milango mchana. Tangu Januari, habari za ghasia za Léopoldville zilipotufikia, kila mtu mweusi mwenye chuma mkononi aliwatia baridi. Amri ikatoka: kila mwindaji mwenye kibali alete bunduki yake ofisini Jumamosi, ikiwa nzima, nyundo zikisimama na kuanguka. Isiyo nzima inachukuliwa, na kibali kinachanwa.

Bunduki ya mzee ilikuwa ya marisau, ya zamani, ya kupigwa kwa fataki, iliyotengenezwa Ubelgiji kabla ya vita vya kwanza. Nyundo ya kulia ilikuwa inateleza. Kwa kuogopa Jumamosi, alikuwa ameipeleka kwa mzungu mmoja wa mjini anayetengeneza silaha. Yule akakaa nayo wiki tatu, akaifungua kipande kwa kipande, akaitia katika mfuko wa unga. Mtu anayejua kufungua na hataki kufunga, huyo si fundi. Ni mwizi mwenye subira.

Na ilikuwa Jumatano.

Kama ungemwuliza Muzee Bulonza bunduki ile ni nini kwake, angekuonyesha mlima. Huko juu, kuelekea msituni, wanawake kumi na wawili wa Cimpunda walikuwa na mashamba ya maharagwe na mihogo, na nguruwe wa mwitu walikuwa na njaa. Kazi ya mzee ilikuwa kusimama kati yao. Alikuwa ameacha vidole viwili vya mkono wa kushoto katika mgodi wa dhahabu upande wa Mwenga, kidole gumba na kinachokifuata, lakini bunduki ilipokaa juu ya kiganja kilichobaki, ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Hakuna mzungu aliyelima yale maharagwe. Hakuna mzungu aliyeyalinda.

Adolphine aliumwaga mfuko juu ya meza, juu ya kitambaa cha kaki alichokuwa akishona.

“Usiguse!” Mzee alisimama. “Adolphine, usiguse!”

Adolphine alijua kwa nini. Kwao, mwanamke hashiki silaha ya mwindaji. Hairuki, haipangusi, hata mkuki ulioegemea ukuta anaupitia mbali. Akiigusa, watu husema, inapofuka: inapiga miti na kuacha nyama.

“Papa, ndugu yako mwenye kuitengeneza amekufa. Muzungu amekataa. Mukono wako wa kushoto uko na vidole vitatu. Nani ataifunga?”

“Nitatafuta mwanaume.”

“Mwanaume gani? Mafundi ba kushona ba soko la Kadutu, mashine zao natengeneza mimi. Banazileta hapa zimefunikwa shuka kwa kuona haya.”

Hiyo ilikuwa kweli, na mzee aliijua. Adolphine alikuwa amejifunza kushona kwenye foyer, kwa mabibi wa kizungu waliowafundisha wanawake weusi kutarizi na kupanga uma upande wa kushoto wa sahani. Walimfundisha kuzungusha gurudumu la mashine. Kuifungua tumbo alijifundisha mwenyewe, siku walipotoka kunywa kahawa. Tangu hapo, chuma kilichokwama hakikumtisha. Kilimkasirisha.

Mzee alitazama vipande, akatazama mkono wake. Mwishowe akageuza kigoda, akakaa akiielekea barabara, mgongo kwa meza.

“Mimi sipo hapa,” alisema. “Macho yangu haikuona kitu.”

“Basi kaa hivyo, Papa.”

Alianza kwa kuosha kila kipande kwa mafuta ya taa. Grisi ya miaka hamsini ilikuwa imegeuka gundi, na ndiyo iliyoitelezesha nyundo ya kulia. Ugonjwa wenyewe ulitibiwa kwa kitambaa na mafuta ya kikombe kimoja. Shida ilikuwa resori, yaani springi zinazozirusha nyundo. Zilikuwa mbili, moja kwa kila nyundo, kila moja bamba la chuma lililokunjwa kama kibano cha kushikia makaa. Ili resori ikae mahali pake lazima ibanwe mpaka mikono yake miwili ikaribiane, iingizwe ikiwa imebanwa vile vile, ncha yake inase kwenye mguu wa nyundo, ndipo iachiwe. Kwa vidole haibaniki. Alijaribu kwa koleo, ikamruka na kumkata kiganja. Fundi wa mjini alikuwa na kifaa chake cha kuibana. Kwa sababu hiyo aliituma bunduki nyumbani bila kuifunga: alijua Cimpunda hakuna kifaa kama hicho.

Adolphine alinyonya damu kiganjani, akazungusha macho nyumbani mwake kama mtu anayetafuta mchawi. Yakasimama juu ya kabati.

Mume wake Télesphore alikuwa mpishi katika nyumba moja ya wazungu huko Nguba. Mwaka uliopita madame wake alitupa mashine ya kusaga nyama kwa sababu meno yalivunjika, na Télesphore akaibeba kilometa zote hizo kuja kuiweka juu ya kabati kama sanamu ya mtakatifu. Chini yake ilikuwa na mguu uliopinda wa kushikia ukingo wa meza, na skurubu ndefu ya kukazwa kwa mkono. Télesphore aliporudi kutoka kazini, alikuta mguu umeshakatwa kwa msumeno.

“Mama Clémence!” alimpigia mkewe kelele. “Hiyo ni mashine yangu!”

“Inasaga nini?”

“Haisagi kitu. Lakini ni yangu! Siku moja nitaipatia meno.”

“Papa Clémence, wewe mwenyewe umebakiza meno ngapi?”

Kule mlangoni, mgongo wa mzee ambaye hakuwepo ulitikisika kwa kicheko. Télesphore hakucheka. Aliona vipande vya bunduki, akavuta pazia la dirisha haraka.

“Batakufunga. Kutengeneza bunduki bila ruhusa! Na mimi batanifukuza Nguba.”

“Bakikufukuza utapika hapa. Miaka kumi unapikia batu bengine muchuzi muzuri, hapa unatuletea harufu tu ndani ya shati.”

Télesphore alivua koti, akamshikia taa.

Mguu wa mashine ya nyama ulibana resori vizuri. Lakini ulikuwa mnene mno kuingia nao ndani ya bunduki. Ilihitajika kitu kidogo cha kuivalisha resori ikiwa bado imebanwa, ili skurubu ifunguliwe nayo isitanuke: kipande cha chuma chenye mwanya, kama mdomo wa samaki unaouma kidole. Adolphine alikata mwanya katika mpini wa kijiko, akauvalisha, akalegeza skurubu. Kijiko kilifunguka kama jani la mgomba. Resori ikaruka, ikapiga sufuria, ikapotelea chini ya kitanda.

“Ni nini imelia?” mzee aliuliza akiwa ameelekea barabara.

“Papa, si ulisema haupo?”

“Sipo. Nauliza tu.”

Alhamisi alitafuta chuma kigumu zaidi, akakipata katika ufunguo bapa wa baiskeli, spana ya kufungulia nati. Ulikuwa na mdomo tayari, ila mdomo mpana. Basi akauacha huo, akauanza mwingine kwa tupa upande wa pili. Upana ungepimwaje? Hakuwa na kipimo cha fundi. Alibana resori kwa mguu wa mashine, akachukua sindano zake, akazilaza ubavu kwa ubavu kando ya ile resori mpaka zikalingana na unene wake: tatu nene na moja nyembamba. Kisha akakata kwa tupa, akijaribisha zile sindano nne kwenye mwanya kila baada ya misuguano kumi. Sindano tatu zikaingia. Ya nne ikakataa. Akasugua. Ikakataa. Akasugua mara mbili tu, kwa pumzi iliyozuiwa, na ya nne ikaingia kwa kusukumwa, bila kucheza.

Ijumaa mchana resori ya kwanza iliingia mahali pake. Ya pili ikaifuata. Alipandisha nyundo ya kushoto kwa kidole gumba: ikalia mara mbili, ikasimama. Ya kulia: ikasimama. Mzee aliisikia ile sauti akiwa amegeuka, na mabega yake yakashuka kama ya mtu anayeteremsha mzigo wa kuni. Hakusema asante. Mtu asiyekuwepo angeshukuru vipi?

Jumamosi wawindaji kumi na watano walipanga foleni kwenye baraza la ofisi, kila mmoja na bunduki yake, kila mmoja amevaa shati la misa. Wanawake waliowasindikiza walikaa pembeni na vikapu. Adolphine alikuwa kati yao. Chini ya ndizi alikuwa ameficha mguu wa mashine ya nyama, maana chuma cha zamani hakiaminiki njiani.

Ajenti wa serikali, mzungu kijana mwenye shingo nyekundu, alikaa nyuma ya meza. Kando yake aliandika karani Grégoire, mtoto wa Kadutu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Bulonza alikuwa wa kwanza kuitwa. Grégoire alifungua daftari, na mzee akaona jina lake limeshapigwa mstari mwekundu. Fundi wa mjini alikuwa ametangulia kupeleka habari.

“Bulonza,” ajenti alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, “bunduki yako imekufa. Iko wapi ile mufuko?”

Mzee aliweka bunduki mezani. Ajenti aliishika, akapandisha nyundo moja, akapandisha ya pili, akaziteremsha. Shingo ikazidi wekundu.

“Nani alitengeneza hii?”

Hapo ndipo mzee alipokosea, na ni kosa ambalo mwindaji wa kwetu tu angelifanya. Nyuma yake walisimama wenzake kumi na wanne. Kusema ni binti yake kungekuwa kusema mbele yao kwamba bunduki yake imepitiwa na mikono ya mwanamke.

“Ni mimi, Bwana,” alijibu.

“Na vidole ngapi?”

“Ile iliyobaki.”

Foleni ilicheka. Ajenti hakucheka. Alitoa sigara, akaiwasha, akasema kwa sauti ya kusikiwa mpaka barabarani: “Muzuri. Toa resori ya kulia, rudisha mbele yangu. Nikimaliza hii sigara na bunduki ni nzima, napiga muhuri. Kama haiko nzima, wewe ni muongo, na bunduki inabaki.”

Mzee alifungua skurubu za bamba. Alipandisha nyundo, akavalisha resori kile kichuma cha baiskeli, akateremsha nyundo, akaitoa resori. Hayo aliyaweza, kwa kuwa mtu asiyekuwepo alikuwa amesikiliza vizuri. Lakini ajenti alinyoosha kalamu. “Toa na ile kichuma.” Mzee akakitoa, resori ikatanuka kwa kishindo, ikaanguka sakafuni. Aliiokota. Akajaribu kuibana kati ya kiganja na meza. Ikateleza. Akajaribu tena. Sigara ilikuwa imefika nusu.

Adolphine alikuwa amesimama na hakujua alisimama lini. Akikaa kimya, desturi itabaki salama na bunduki itakwenda. Akiingia bila kuitwa, atamvua baba yake nguo mbele ya wawindaji wote. Alimtazama. Yule mzee aliyekuwa amempa mgongo siku tatu aligeuka sasa, akamtafuta kwa macho kati ya vikapu, akampata.

“Bwana ajenti,” alisema, “nimekudanganya. Haiko mimi. Ni mutoto wangu, ule mwanamuke kule. Adolphine! Njoo. Njoo hapa, nakuangalia.”

Mtu mmoja kwenye foleni alitema mate. Alikuwa Isidore, aliyesimama nyuma ya Bulonza na bunduki ambayo nyundo yake ilikuwa imefungwa kwa waya. “Aka! Mwanamuke?” Ajenti akaangua kicheko, akapunga sigara kama kumkaribisha dansini.

Adolphine alimwaga ndizi sakafuni. Mguu wa mashine ya nyama ulitua juu ya meza ya serikali, na ajenti, ambaye bila shaka mama yake alikuwa nayo moja jikoni, aliutambua, akafunga mdomo.

Hakuharakisha. Mwenye kushona koti la bwana harusi asubuhi ya arusi anajua: haraka ni mkasi. Aliweka resori kwenye taya, akakaza skurubu robo kwa robo, mikono ya resori ikakaribiana.

“Maman,” Grégoire alinong'ona bila kuinua kichwa, “sigara inakimbia.”

“Iache ikimbie. Haina miguu mirefu.”

Akavalisha kichuma. Akalegeza skurubu. Kichuma kikashika. Akaingiza resori mahali pake, akanasa ncha, akapandisha nyundo polepole, akachomoa kichuma. Akafunga skurubu za bamba kwa bisibisi yake ya mashine ya kushona. Kisha akapandisha nyundo zote mbili, zikalia, zikasimama, akaziteremsha kwa kidole gumba moja baada ya nyingine, akasukuma bunduki kuelekea shingo ile nyekundu.

Kwenye vidole vya ajenti kilibaki kipande cha sigara kirefu kama ukucha.

“Bwana alisema muhuri,” Muzee Bulonza alisema.

Grégoire alikuwa ameshafungua kibweta cha wino. Ajenti alitazama foleni. Watu kumi na wanne walikuwa wamesikia maneno yake, na hakuna aliyekuwa akicheka. Akapiga muhuri, kwa nguvu, kana kwamba alitaka kuvunja meza.

Kisha akavuta kwake mguu wa mashine na kichuma. “Hii inabaki. Hakuna mutu anatengeneza silaha bila ruhusa. Utaitwa. Grégoire, andika jina ya bwana yake.”

“Jina langu ni Adolphine M'Bulonza, mutoto wa Bulonza,” alisema. “Andika ile.”

Grégoire aliinua macho kwa mara ya kwanza. Macho yale yalimwambia: dada, niandike mume, yuko Nguba, madame wake atamtetea. Naye akayaelewa. “Adolphine,” alirudia. “Mume wangu alishika taa tu.” Kalamu ikaandika. “Na Bwana amechukua kitu yangu. Naomba karatasi ya kuonyesha amechukua.”

Mzungu wa ofisi anaweza kukunyima haki, ardhi na hata jina lako, lakini ukimwomba karatasi unamshika mahali anapoogopa. Ajenti aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Grégoire aliandika taratibu, kwa mwandiko wa shule ya mapadri: mguu wa mashine ya nyama, mmoja, ufunguo wa baiskeli, mmoja. Ajenti akatia sahihi, akasimama, akatangaza kwamba ofisi imefungwa, na waliobaki warudi Jumamosi inayofuata.

Walipanda kuelekea Cimpunda, mzee mbele na bunduki begani, Adolphine nyuma na kikapu. Isidore aliwapita akipaza sauti ili wengine wasikie.

“Bulonza! Bunduki yako imevaa kitenge sasa. Itaua nini?”

“Jumatatu panda kule juu,” mzee alijibu bila kupunguza mwendo. “Uliza nguruwe kama baliona kitenge.”

Watu walicheka, na safari hii kicheko kilimwangukia Isidore. Alibaki nyuma. Wengine wakatawanyika, huyu kwa njia ya soko, yule kwa njia ya parokia. Isidore peke yake hakutawanyika. Aliwafuata kwa umbali wa nyumba tatu, kofia imeshushwa, mpaka uani.

“Papa Isidore,” Adolphine alisema bila kugeuka, “ukinifuata hivi batu batasema unanitongoza.”

Mwindaji alikohoa. Aliangalia huku na huku. “Nyundo yangu haisimami. Na Jumamosi...”

“Kifaa changu bamechukua.”

“Ulikitengeneza siku ngapi?”

“Mbili.”

“Basi siku ziko.”

Muzee Bulonza alikuwa amekaa juu ya jiwe la kufulia, akiielekea meza. Isidore aliinama, akaiweka bunduki yake chini, taratibu, juu ya mchanga, hatua mbili mbele ya miguu ya Adolphine, kisha akarudi nyuma ili yeye aiokote.

Adolphine hakuinama.

“Hapana, Papa Isidore. Nipatie mukononi.”

Kuku walipita kati yao. Jirani mmoja aliacha kutwanga. Isidore alimtazama mzee, na mzee akamtazama Isidore, bila kumsaidia.

Akaiokota. Akapangusa mchanga kwa mkono wa shati lake la misa. Akampatia mkononi.